Bango Limeingia Chumbani: Barua ya Wazi kwa Wawakilishi wa Wadi, Bunge la Kaunti ya Mombasa

Waheshimiwa,



Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu katika duka la chini la nyumba ya ghorofa hapa kisiwani, na juu ya duka ndiko tunakokaa: mimi, mke wangu, watoto, na mama yangu mzazi ambaye sasa ni mtu mzima sana. Nyumba tumeachiwa na marehemu baba. Mkabala na madirisha yetu, ng'ambo ya barabara, kuna nguzo ya chuma ambayo kwa miaka mingi ilibeba bango la turubai. Lilitangaza saruji, likatangaza benki, likatangaza unga. Jua likizama, nalo lilizama. Hatukuwa na neno nalo. Kisha wakaja mafundi na kreni, wakafanya kazi siku tatu usiku, turubai likaondoka na mahali pake pakafungwa skrini ya elektroniki iliyo pana kuliko ukuta wa mbele wa nyumba yetu. Tangu siku ile hatujaona giza.

Jina la kampuni sitalitaja, wala sitasema ni njia panda gani. Sikushika kalamu ili kumshtaki mtu mmoja. Skrini kama hizi zinaongezeka mjini, na kila moja ina madirisha ya watu mbele yake. Nawaandikia nyinyi kwa sababu sheria inayokosekana ni kazi yenu.

Naanza na chumba cha mama. Baba alimpa chumba kinachotazama barabara kwa ajili ya upepo. Nanyi mnajua kaskazi ya Mombasa: Januari na Februari, asiye na dirisha la upepo hulala kama aliyefunikwa sufuria. Leo, taa za nyumbani zikizimwa, ukuta wa juu ya kitanda chake huwa mwekundu, halafu kijani, halafu mweupe wa tangazo la sabuni, halafu mwekundu tena. Usiku mmoja nilikaa naye nikahesabu kwa tasbihi yake, punje moja kwa sekunde moja. Kabla sijazimaliza punje 99, ukuta ulikuwa umebadilika rangi mara kumi na mbili. Nikakata kitambaa kizito cheusi, nikakiwekea bitana, nikamshonea pazia. Mwanga ukazuilika, na upepo nao ukazuilika. Tulipoamka alikuwa ameloa jasho, pazia kalifungua mwenyewe. Mwanamke aliyetuzaa na kutulea anatakiwa kila usiku achague kati ya upepo na usingizi.

Kuna usiku ambao hautanitoka. Mwarobaini ulio kando ya ile nguzo hulaliwa na kunguru, hawa kunguru wa Bara Hindi waliojaa mji mzima. Tangu skrini iwashwe hawajui tena usiku ni upi. Saa yoyote wanaanza kulia kama kumekucha. Basi mama aliamka, akaona ukuta mweupe, akasikia kunguru, akadhani amepitiwa. Akajikongoja hadi bafuni, akatawadha, akasali Alfajiri kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Mimi nilisikia kata ikigonga ndoo, nikatazama saa. Ilikuwa saa nane usiku. Nilipomwambia, alikaa kitandani kimya, kisha akaniuliza kama amekuwa mzee wa kupotewa na akili. Nikamwambia hapana, mama, ni bango. Hakuniamini hadi nilipomshika mkono nikampeleka dirishani.

Dukani nako. Kazi yangu ni ya macho. Kanzu nyeupe si nyeupe moja: kuna nyeupe ya maziwa, kuna inayoelekea buluu, kuna ya pembe, na uzi usiolingana huonekana kifuani kwa mvaaji hata akiwa mbali. Zamani magharibi ikikaribia nilitoka mlangoni na kitambaa mkononi, nikalinganisha uzi wa tarizi kwa mwanga wa mwisho wa jua. Sasa saa hizo kitambaa changu kina rangi ya tangazo lililopo. Nimewahi kumaliza shingo nzima usiku, asubuhi nikaifumua yote. Ni hasara ndogo, lakini ni yangu, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kuibeba.

Na stima ikipotea, mtaa mzima ukawa giza, ile skrini haizimiki. Jenereta lililo chini ya nguzo linanguruma, moshi wa dizeli unapanda hadi madirishani, na tangazo linaendelea. Majirani tunapapasa kutafuta mishumaa, na ukutani mwetu kunapita picha ya friji.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na mapambo ya buluu, na matangazo yaliyochorwa kutani yafutwe, mji upate sura moja nzuri. Wako walionung'unika kwa gharama. Mimi sikunung'unika, nilinunua rangi, nikapanda ngazi na wanangu, tukapaka. Niliona ni haki mji kuwa na sura yake na kila mwenye nyumba kuchangia. Lakini ukuta mweupe hurudisha kila mwanga unaoangushiwa. Ule upande tulioupaka kwa amri umekuwa skrini ya pili, na nyumba za nyuma ya nguzo, ambazo hazilioni bango lenyewe, zinaliona kwenye ukuta wetu. Ikiwa kaunti ina mamlaka ya kunichagulia rangi ya nyumba yangu, haiwezi kukosa mamlaka ya kusema ni rangi gani isiingie kitandani kwa mama yangu saa nane za usiku.

Nilikwenda kuuliza. Ofisi moja ikanielekeza nyingine, na nyingine ikanirudisha kwa mwenye skrini. Watu walinipokea kwa adabu, sina lawama hiyo. Ila jibu lilikuwa moja kila nilikokwenda: limelipiwa. Nilipouliza nani alikubali liwekwe hapo, nikaambiwa limelipiwa. Nilipouliza mwanga una kipimo gani, nikaambiwa limelipiwa. Nikatoka nikiwa nimeelewa kwamba bango hili, kwa macho ya serikali, ni mita za mraba zenye ada. Kwa macho yetu tunaolala mbele yake ni taa. Barua yangu yote iko hapo, Waheshimiwa. Bango la turubai likibadilishwa kuwa skrini halijawa bango kubwa zaidi wala la kisasa zaidi. Limekuwa kitu kingine, kinachotoka mahali pake na kuingia kwa jirani. Na kitu cha kuingia kwa jirani hakitoshi kulipiwa. Hubishiwa hodi.

Rejeeni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale panapotajwa kazi za kaunti. Matangazo ya nje hayakuwekwa pamoja na biashara na leseni. Yamewekwa katika kifungu kimoja na kudhibiti uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa kelele na kero nyingine za umma. Walioiandika waliona jambo ambalo sisi tumelisahau: tangazo la barabarani ni jamaa ya moshi na kelele, na neno walilotumia ni kudhibiti. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Nayo ibara ya 196 inalitaka Bunge lenu liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sisi bango hili tumelisikia kwa mara ya kwanza kupitia sauti ya kreni.

Kelele zina kanuni tangu 2009. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa makaazi una kiwango chake cha desibeli, cha chini kuliko cha mchana, na mwenye kukipita anaweza kushtakiwa. Jirani yangu akifungulia muziki kwa sauti ya juu usiku wa manane, nina pa kwenda. Akinimulika usoni kwa taa yenye upana wa nyumba, sina. Vilevile, chini ya sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe ya biashara huweka notisi ili majirani waseme neno lao kabla ya kibali. Kugeuza turubai liwe taa hakukuchukuliwa kuwa ni kugeuza chochote. Nguzo ni ileile, nikaambiwa.

Sisi si wa kwanza kuambiwa hivyo, na ndiyo maana nataka mjue yaliyotokea Los Angeles, Marekani. Mji ule ulipiga marufuku mabango mapya ya biashara mwaka 2002. Makampuni yakaenda mahakamani. Mwaka 2006 halmashauri ya mji ikamaliza kesi na makampuni mawili makubwa kwa mapatano, na ndani ya mapatano ikayaruhusu kugeuza hadi mabango 840 yaliyokuwapo yawe ya elektroniki. Nguzo zilezile, mahali palepale. Kiasi cha mia moja yakageuzwa. Watu wakaamka na skrini mbele ya vyumba vya kulala. Wakaweka mapazia mazito kama langu, wakalalamika kwa wawakilishi wao, na wawakilishi wenyewe wengine wakakiri kwamba walipopiga kura hawakujua walichokuwa wakikiruhusu. Kilichouangusha mpango ule kilikuwa kesi ya kampuni ndogo ya mabango iliyoachwa nje ya mapatano. Desemba 2012 mahakama ya rufaa ikasema mji hauna ruhusa ya kutia saini mkataba unaoyatoa makampuni fulani nje ya sheria zake wenyewe za mpango wa mji. Aprili 2013 jaji akaamuru zizimwe, na skrini zaidi ya 70 zikazimwa.

Miaka saba, Waheshimiwa, kutoka saini hadi giza kurudi. Nami hesabu ya miaka saba siwezi kuifanya juu ya umri wa mama yangu.

São Paulo ya Brazili ilikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Mji Safi ilipitishwa Septemba 2006, ikaanza kufanya kazi Januari 2007, na mabango ya biashara yakashushwa karibu yote, katika mji wenye watu zaidi ya milioni kumi. Siwaombi mfike huko. Nautaja mji ule kwa sababu moja: tunaambiwa kwamba mji mkubwa wa kisasa hauwezi kuwa bila mwanga huu, na hilo si kweli.

Najua kaunti inahitaji mapato yake ya ndani. Zahanati, taka, mitaro ya maji ya mvua, mishahara: yote yanataka pesa, na skrini moja, ambayo matangazo mengi hupokezana humo, inaleta zaidi ya turubai. Najua pia kuna vijana wanaofunga na kutunza hizi skrini, na wanaotengeneza picha zake. Riziki yao naiheshimu. Ila niruhusuni nimkumbuke mchoraji wa mtaa wetu, aliyekuwa akiandika majina ya maduka kwa brashi, herufi moja baada ya nyingine, na kivuli chini ya kila herufi. Jina la duka langu ni mkono wake. Amri ya rangi ilipokuja, kazi zake nyingi za kutani zilifutwa kwa siku chache, na hakuna aliyemwambia kwamba zimelipiwa.

Na kinachohitajika si kigumu kwa mwenye skrini. Kitu hiki, ili kishindane na jua la mchana, kinahitaji kandela elfu tano au zaidi kwa kila mita ya mraba. Usiku hakina kinachoshindana nacho. Wataalamu wa taa wa Uingereza wanapendekeza kwa bango kubwa la mjini usiku mwanga usizidi kandela 300 hivi. Simu ya mtoto wangu inajipunguzia mwanga yenyewe tukiingia chumbani. Skrini nazo zina kihisio cha namna hiyo na zinaweza kupunguzwa kutoka ofisini, fundi asipande nguzo. Majimbo mengi ya Marekani yanataka kila picha itulie kwa muda usiopungua sekunde 8, Uingereza kwa kawaida ni 10, na hiyo ni kwa ajili ya dereva tu. Njia panda yetu ina matatu, tuktuk na bodaboda wanaokatana pande zote, na mvua ikinyesha lami yote huchukua rangi ya skrini, hadi nyekundu ya taa za breki haionekani.

Kwa hiyo naliomba Bunge lenu lifanye mambo yafuatayo, na nayasema kama fundi anavyochukua vipimo. Mabango ya elektroniki yasiishie katika jedwali la ada la Sheria ya Fedha ya kila mwaka, bali yapate sheria yake chini ya mpango wa mji, ambayo itataja wazi mitaa yanakoruhusiwa na mitaa yasikoruhusiwa. Mtaa wenye watu wanaolala ghorofani hauwi wa biashara tupu kwa kuwa tu chini kuna maduka. Mji huu tangu hapo umejengwa duka chini, nyumba juu, na sheria iandikwe na anayelijua hilo. Kugeuza turubai kuwa skrini kuhesabiwe kuwa ni maombi mapya, notisi ibandikwe kwenye nguzo yenyewe kwa Kiswahili, na walio mbele yake waitwe wasikilizwe kabla ya kibali. Skrini zilizopo zisiachwe nje kwa kuwa zilitangulia: zipunguzwe mwanga magharibi, na zilizo mbele ya makaazi zizimwe saa nne usiku hadi asubuhi. Kwenye kila nguzo paandikwe namba ya kibali na simu ya mtu wa kupokea malalamiko usiku, maana kero hii haitokei saa za ofisi. Na jenereta lisiruhusiwe kuendesha tangazo wakati mtaa mzima uko gizani.

Miti nayo iandikwe katika sheria hiyo. Ule mwarobaini wa kunguru umekwisha kupogolewa upande mmoja, upande wa skrini, ukabaki kama kichwa kilichonyolewa nusu. Nani alitoa ruhusa, sikupata kujua.

Mji wa Kale nauacha mwisho, ingawa ndio unaonitia hofu zaidi. Ni eneo la uhifadhi. Mwenye nyumba hawezi kubadilisha mlango wala roshani bila ruhusa, na Fort Jesus imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Lakini mpaka wa uhifadhi umechorwa kwenye ramani, na mwanga hausomi ramani. Skrini ikisimamishwa hatua chache nje ya mpaka, itamulika vichochoro vyote vilivyo ndani. Sheria ipime mwanga pale unapofika, sio pale nguzo inaposimama tu. Mwaka huu watoto wetu walipanda darini kutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani kama tulivyokuwa tukipanda sisi. Walikaa wamejikinga kwa viganja, wamelipa bango mgongo, na bado hawakuona kitu. Mwezi ulipotangazwa redioni walishuka.

Nimesikia wengine wakisema watu wa mjini wazoee. Mama yangu amezoea mengi: amezoea honi, amezoea harufu ya mtaro, amezoea vumbi la ujenzi wa nyumba za ghorofa kumi zilizotuzunguka. Hayo yote hupumzika saa fulani ya usiku. Hili halipumziki.

Naomba jambo moja la mwisho, nalo halihitaji mswada. Njooni. Kamati yoyote, siku yoyote baada ya Isha. Ngazi zetu ni za kizamani na zina mwinuko, lakini hamhitaji kurunzi kuzipanda sasa. Mketi chumbani kwa mama kwa muda wa punje 99 za tasbihi, taa zote za nyumba zikiwa zimezimwa, pazia likiwa wazi kwa ajili ya upepo. Mke wangu atapika kahawa. Mama mwenyewe amesema atawaachia kiti chake kilicho karibu na dirisha, yeye atakaa kitandani.

Wenu mtiifu,
Fundi wa kanzu, mkaazi wa kisiwa cha Mombasa